Kutoka Kidete hadi Mikumi: Kitanda Rahisi, Magurudumu Ghali

Watu wanne wakikodi gari lenye hema juu yake kwa siku nne, wakatoka Dar es Salaam kwenda Kilosa, wakapanda hadi Kidete kisha wakashuka Hifadhi ya Mikumi na kurudi nyumbani, kati ya kila shilingi 100 watakazotoa, takribani 95 zitaliwa na gari. Hapo nahesabu kukodi, dizeli na ada ya gari getini. Shilingi tano zinazobaki ndizo zinazowaingiza hifadhini kwa siku mbili na kuwalaza humo usiku mara mbili. Chakula hakimo, utakula hata ukibaki nyumbani.

Uwiano huo wa 95 kwa 5 unaeleza mengi kuhusu utalii wa barabarani kwetu. Watanzania wengi huamini kwamba hifadhi ndiyo ghali. Kumbe hifadhi ni rahisi, na kitanda ni rahisi pia. Kinachotoboa mfuko ni magurudumu, hasa yakibeba viti vitupu.

Safari yenyewe na urefu wake

Tuanze na ramani. Dar es Salaam hadi Morogoro ni kama kilometa 190. Ukishika barabara ya Dodoma utafika Dumila baada ya kilometa 65 hivi, na hapo unakata kushoto kuelekea Kilosa, kilometa 70 nyingine za lami zinazopita kwenye mashamba ya mkonge. Kilosa hadi Kidete, kwenda na kurudi, weka 100 za njia ya vumbi, milima ikiwa pande zote. Kilosa hadi Mikumi mjini weka 75. Mikumi hadi Morogoro ni 120, na mwisho kuna zile 190 za kurudi Dar. Jumla ni 810. Ongeza 140 za kuzunguka ndani ya hifadhi kwa siku mbili, unapata kilometa 950.

Ili hesabu iende, tuweke dizeli kwa shilingi 3,000 kwa lita, dola moja kwa shilingi 2,500, na kukodi Land Cruiser "mkonga" yenye hema la juu kwa shilingi 300,000 kwa siku. Msomaji abadilishe namba hizo kwa bei ya siku yake. Atakachokiona ni kwamba jumla inapanda na kushuka, lakini uwiano haupinduki.

Mkonga uliobeba watu na mizigo, kwa njia mchanganyiko wa lami na vumbi, tuupe lita 14 kwa kila kilometa 100. Kwa kilometa 950 ni lita 133, yaani shilingi 399,000. Kukodi kwa siku nne ni 1,200,000. Ada ya gari getini tenga 50,000 kwa siku, siku mbili ni 100,000. Magurudumu peke yake yamefika 1,699,000.

Sasa watu. Kiingilio cha Mikumi kwa raia wa Afrika Mashariki mwenye umri wa kuanzia miaka 16, kwa viwango vya miaka ya karibuni vya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, ni shilingi 5,000, na VAT inakuwa 5,900 kwa saa 24. Kulala kwenye kambi ya kawaida ni kiasi hicho hicho. Watu wanne kwa siku mbili hulipa 47,200 kuingia na 47,200 kulala. Usiku wa kwanza, Kilosa, tuseme mmeegesha uani kwa mwenyeji wenu bila malipo. Watu wote wanne, kwa safari nzima, wamegharimu 94,400.

Jumla kuu ni 1,793,400, sawa na 448,350 kwa kichwa. Hata ukibahatika kupata gari kwa 200,000 kwa siku badala ya 300,000, bado magurudumu yatameza 93 katika kila 100.

Kwa nini gari-nyumba linalipa kaskazini ya dunia

Wazungu na Wamarekani wana mapenzi na gari la kulala ndani: kitanda, jiko, choo na tangi la maji, vyote chini ya paa moja. Nyumbani kwa safari hizo ni kaskazini ya Amerika. Barabara ya Alaska ilijengwa na jeshi la Marekani mwaka 1942, wakati wa vita, ikitoka Dawson Creek nchini Kanada hadi Delta Junction, Alaska. Leo ni zaidi ya kilometa 2,200. Unaweza kuendesha saa nzima huko pasipo kuona hata paa la nyumba. Mahali pa kulala ni pachache, na pakipatikana bei inaumiza. Mtu anayebeba kitanda chake anaokoa fedha kila usiku.

Kumbe basi gari-nyumba ni kitanda chenye magurudumu, na linalipa pale ambapo kitanda ni adimu. Je, kati ya Morogoro na Mikumi kitanda ni adimu? Hata kidogo. Mikumi mjini ni kituo cha malori yanayokwenda Zambia na Kongo, na mji wa malori haukosi gesti. Tuweke chumba cha watu wawili kwa shilingi 40,000, yaani 20,000 kwa kichwa. Watu wanne kwa usiku tatu ni 240,000. Wakilala garini, usiku mbili za kambi zinawagharimu 47,200 na ule wa Kilosa ni bure. Wameokoa 192,800.

Sasa tazama upande wa pili. Gari-nyumba la wastani, zito na lenye umbo la sanduku linalopambana na upepo, tulipe lita 25 kwa kilometa 100. Kwa kilometa 950 litakunywa lita 237.5, sawa na 712,500. Limezidi mkonga kwa 313,500 kwenye mafuta peke yake. Umeokoa 192,800 za kitanda ukapoteza 313,500 za dizeli, na bado hujafika Kidete, kwa sababu njia ile ya vumbi mvua ikinyesha si ya sanduku refu lenye matairi madogo.

Loji za ndani ya hifadhi ni hadithi nyingine. Huko chumba kimekuwa kikiuzwa kwa bei za dola, na hapo ndipo kulala kwenye gari kunapoanza kuwa na maana. Lakini jibu lake ni hema, ambalo kambini linalipiwa 5,900 zile zile kwa kila anayelala ndani yake.

Kilo 2,000 zinazogawa dunia mbili

Mgeni anayekuja na gari lake kutoka Ulaya au Afrika Kusini halipi kukodi, kwa hiyo mtu angedhani safari yake ni nafuu. Getini mambo hugeuka. TANAPA hutoza gari kwa uzito na kwa namba zake za usajili. Gari la namba za kigeni lisilozidi kilo 2,000 limekuwa likitozwa dola 40 kwa siku kabla ya VAT. Likivuka kilo 2,000 hadi 3,000 ni dola 150. Juu ya hapo ada huendelea kupanda.

Weka VAT ya asilimia 18: dola 47.20 upande mmoja wa mstari, dola 177 upande wa pili. Tofauti ni dola 129.80 kwa siku, karibu shilingi 324,500. Gari lililojengewa kitanda, kabati, jokofu na betri za ziada huwa limeshavuka mstari huo kabla halijatoka gereji.

Chukua wageni wawili wenye gari la kilo 2,800. Kiingilio chao ni dola 30 kila mmoja, na VAT 35.40; kambi ni hivyo hivyo. Kwa siku mbili na usiku mbili, watu hao wawili wanalipa dola 283.20. Gari lao linalipa 354. Maana yake gari linalipa kuliko wenyewe, ingawa haliangalii tembo wala halilali kambini. Jumla dola 637.20, kama shilingi 1,593,000, bila tone la dizeli. Wanne wetu wa Dar, pamoja na ada ya mkonga wao, wanaiachia hifadhi 194,400.

Wengine hulalamika kwamba ni unyonyaji. Sioni hivyo. Gari zito huharibu njia za vumbi za hifadhi kuliko gari jepesi, na ada kwa uzito ni njia ya moja kwa moja ya kumwambia dereva apunguze mzigo. Tena mgeni ana njia halali ya kuikwepa: aliache gari lake Mikumi mjini, aingie kwa gari la kukodi lenye namba za Tanzania.

Kilometa 50 zisizolipiwa

Kuna sehemu ya Mikumi ambayo haina bei. Barabara kuu ya kutoka Dar kwenda Zambia inapita ndani ya hifadhi kwa takribani kilometa 50. Barabara ya Morogoro–Iringa ilitangulia, katika miaka ya 1950. Wawindaji wakaifuata, na hifadhi ikatangazwa mwaka 1964 kulinda kilichobaki. Leo Mikumi ina kilometa za mraba 3,230, ikipakana na mfumo mkubwa wa kusini ambamo Hifadhi ya Nyerere peke yake ina 30,893, zaidi ya mara tisa ya Mikumi.

Abiria wa basi la Mbeya anaona twiga, pundamilia, swala na nyani wa kando ya lami bila kulipa senti. Tembo huvuka wanapotaka, na hapo hata lori la tani 30 husimama. Linganisha na Denali, hifadhi maarufu ya Alaska yenye zaidi ya kilometa za mraba 24,000. Ina barabara moja ya kilometa 148, na wakati wa kiangazi gari binafsi huruhusiwa kwenda kilometa 24 za mwanzo tu. Baada ya hapo, uwe na gari-nyumba la mamilioni au huna, unapanda basi la hifadhi pamoja na wenzako. Yaani hata kwenye makao makuu ya safari za magari-nyumba, mnyama huonwa kutoka kwenye kiti cha basi.

Kilometa 50 za Mikumi zina sheria zake: kilometa 70 kwa saa mchana, 50 usiku, na matuta ya kukukumbusha. Kwa mwendo wa 70 utazimaliza kwa dakika 43. Ukivunja sheria na kwenda 100, utatumia dakika 30. Umepata dakika 13. Ukimgonga twiga, faini yake imewekwa kuwa dola 15,000, yaani shilingi 37,500,000. Fedha hizo zingelipia safari yetu ya watu wanne mara 20, na chenji ikabaki. Swala pala ni dola 390, karibu shilingi milioni moja. Hakuna dereva ambaye dakika zake 13 zina thamani hiyo.

Kidete na treni

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba barabara ni njia pekee. Siyo, na Kidete ndiyo ushahidi. Wajerumani walipojenga Reli ya Kati, wakianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro 1907, walilifuata bonde la mto Mkondoa kutoka Kilosa kupanda kuelekea Gulwe na Dodoma. Kidete ni kituo cha bondeni humo. Mandhari ni ya aina ambayo watu hulipia ndege kwenda kuiona: mto umebanwa na milima, reli imebanwa na mto, na mibuyu imesimama kwenye miteremko.

Lakini bonde lina kodi yake. Mvua za mwisho wa Desemba 2009 na Januari 2010 zilileta mafuriko yaliyobomoa reli kati ya Kilosa na Gulwe. Ukingo wa bwawa la Kidete nao ulibomoka, maelfu ya watu wa Kilosa wakakosa makazi, na treni zikasimama kwa miezi. Hili si letu peke yetu. Ile barabara ya Denali ilikatwa na maporomoko ya ardhi Agosti 2021, karibu na kilometa ya 69, ikafungwa kuanzia hapo. Ukipanga safari ya porini, weka kalenda kwenye bajeti: Machi hadi Mei ni masika, Juni hadi Oktoba ni kiangazi. Kiangazi uwanda wa Mkata, ndani ya hifadhi ya Mikumi, hukauka, nyasi hulala, na wanyama hukusanyika kwenye maji. Lita zako za dizeli zinakuonyesha wanyama wengi zaidi kwa kilometa hizo hizo.

Reli mpya, SGR, ilijengwa juu zaidi ya mto. Milima ya Kilosa inapitwa kwa mahandaki manne yenye urefu wa jumla wa kama kilometa 2.6. Kwa mwendo wa juu wa kilometa 160 kwa saa, kiza chote hicho kinakwisha kwa dakika moja. Treni za abiria zilianza kwenda Morogoro Juni 2024 na Dodoma Julai mwaka huo huo. Nauli ya daraja la kawaida ilipangwa 13,000 hadi Morogoro na 31,000 hadi Dodoma, kwa msingi wa shilingi 69.51 kwa kila abiria kwa kilometa. Kidete ni karibu 22,000. Ukikata tiketi, hakikisha treni yako inasimama pale, maana ile ya haraka hupita.

Shikilia hiyo 69.51. Mkonga wetu, kwa kukodi na dizeli, unagharimu 1,599,000 kwa kilometa 950, yaani 1,683 kwa kilometa moja. Ili kila abiria alipe sawa na wa treni, mkonga ungepaswa kubeba watu 24. Hata ukiwapakia kama dagaa, wengine wangeshikilia hema juu.

Basi tupange safari ya pili, ya siku tatu na usiku mbili. Wanne wanapanda treni hadi Kidete, wanaliona bonde, wanarudi Morogoro kwa treni ya kushuka, wanapanda basi la Mikumi, wanalala gesti, wanakodi gari la kutalii kwa siku moja, kisha wanarudi Dar kwa basi na treni. Treni kwenda na kurudi, 44,000 kwa kichwa, ni 176,000. Basi la Morogoro–Mikumi, tenga 20,000 kwa kila mmoja kwenda na kurudi: 80,000. Gari la kutalii lenye dereva na mafuta, tuweke 350,000. Kiingilio 23,600, ada ya gari 50,000. Vyumba viwili kwa usiku mbili 160,000. Jumla 839,600, kwa kichwa 209,900. Hiyo haifiki nusu ya 448,350.

Nani achague nini

Mwenye gari lake hahusiki na sehemu kubwa ya hesabu ya kukodi. Akiwa na mkonga wake na watu wanne, anatoa 399,000 za dizeli, 100,000 za gari getini na 94,400 za watu: 593,400, sawa na 148,350 kwa kichwa. Huyo anaishinda hata treni, mradi asijidanganye kuhusu matairi na servisi.

Asiye na gari ana swali moja la kujibu. Tofauti ya safari ya kukodi na ya treni ni siku moja ya ziada ya kuzunguka hifadhini, na usiku mbili za kulala ndani yake, ukisikia fisi badala ya honi za malori. Starehe hiyo ina bei, na bei yake inategemea idadi yenu.

Mkiwa wawili, kukodi ni 873,100 kwa kichwa na treni ni 309,900. Kulala porini kumekugharimu 563,200.

Mkiwa wanne, ni 448,350 kwa 209,900. Tofauti imeshuka hadi 238,450.

Mkiwa sita, wengine wakilala kwenye mahema ya chini, ni kama 306,800 kwa 176,600. Tofauti ni 130,200.

Namba hizo tatu ndizo za kuangalia kabla ya kuuliza bei ya gari. Kutoka wawili hadi sita, bei ya kulala porini imeshuka kwa zaidi ya robo tatu, na hakuna aliyeomba punguzo popote: si kwa mwenye gari, si kwa muuza dizeli, si getini. Kwa hiyo anayetaka kulala Mikumi kwa bei nafuu asianze kutafuta gari rahisi. Atafute wenzake watano wanaoweza kupata likizo wiki moja, kati ya Juni na Oktoba. Wasipopatikana, tiketi ya treni ya Kidete ipo, na kitanda cha gesti Mikumi kinamsubiri kwa 20,000.